JACQUES ANDROUET DU CERCEAU, MUCHORAJI WA MAJUMBA NA KABATI

Wanafunzi wenzetu, wengi kati yetu tunafikiri kwamba kazi ya seremala inaanza na musumeno. Leo tunapenda kuwaelezea maisha ya mutu mumoja wa Ufaransa, ambaye kazi yake inatuonyesha kwamba inaanza na kalamu.

Jacques Androuet alizaliwa karibu na mwaka 1510. Jina du Cerceau lilitoka kwa duara ya pipa, iliyokuwa alama ya nyumba yao. Wakati ule watu wa Ulaya walikuwa wakipenda tena majengo ya Waroma na Wagriki wa zamani. Du Cerceau aliyachora, kisha akaingiza sura yao katika vyombo vya nyumba. Kabati ikawa sawa hekalu ndogo: chini musingi, katikati nguzo, juu paa ya pembe tatu. Miguu ya meza ikawa sanamu za watu ao nyama wenye kubeba ubao.

Michoro yake alichonga ku bamba la shaba. Bamba linatiwa wino, karatasi inakandamizwa juu yake, na mchoro mumoja unazaa mingi. Hivi seremala wa muji wa mbali, hata kama hakufika Roma, aliweza kuona mufano na kuuchonga katika mbao ya noyer.

Tena alikuwa Muprotestanti. Vita vya dini vilipoanza mwaka 1562, alipata kimbilio Montargis kwa Renée, binti ya mufalme Louis XII, aliyepokea Waprotestanti wengi. Mwaka 1572 maelfu ya ndugu zake wa imani waliuawa ku Paris na fasi zingine. Yeye hakuacha imani wala kazi. Mwaka 1576 na 1579 alitoa vitabu viwili vyenye majumba 30 bora ya Ufaransa, akavitolea Catherine de Médicis, mama ya mufalme, aliyekuwa Mukatolika.

Alikufa karibu na mwaka 1585. Mujukuu wake, Salomon de Brosse, alijenga jumba la Luxembourg ku Paris, na mwaka 1623 hekalu la Waprotestanti la Charenton.

Jumba la Madrid, karibu na Paris, lilibomolewa mwisho wa karne ya 18. Leo tunajua sura yake juu ya karatasi za du Cerceau. Basi, wapendwa, saa ya dessin ikifika, tusiseme ni kupoteza wakati. Tuchukue rula na tupime vizuri.