William Lever: mwenye sabuni aliyeingia katika sufuria zetu

Katika soko la Oicha, mawese inapimwa kwa chupa isiyo na karatasi wala jina la mtu. Pembeni yake iko mafuta meupe yaliyopita Kasindi, iko kopo la margarini, iko sabuni. Mama anayetafuta mafuta ya sombe anaona kwamba anachagua mwenyewe. Je, ni kweli? Mwingereza mmoja aliyekufa mwaka 1925 anaweza kutusaidia kujibu, juu yeye alipita maisha yake yote kati ya mti wa ngazi na mkono wa mnunuzi.

William Hesketh Lever alizaliwa tarehe 19 Septemba 1851 huko Bolton, kaskazini ya Uingereza. Baba yake aliuza vyakula kwa jumla, na kijana aliingia dukani akiwa na miaka 16. Wakati ule sabuni ilikuja katika miche mirefu. Mwenye duka alikata kipande, akapima, akauza. Hakuna mtu aliyeuliza nani ameitengeneza. Lever akaona njia hapo. Akakata vipande sawasawa, akavifunga kwa karatasi na kuvipa jina: Sunlight. Mwaka 1885, pamoja na ndugu yake James, alianza kuipika mwenyewe, na mwaka 1888 akaanza kujenga kiwanda kikubwa karibu na Liverpool pamoja na kijiji cha wafanyakazi, Port Sunlight, chenye nyumba nzuri na bustani. Kuanzia siku ile watu waliomba jina, hawakuomba tena sabuni tu.

Lakini mwaka 1906 wanunuzi walimpiga chini. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, naye akapunguza kipande kutoka wakia 16 mpaka 15 bila kupunguza bei. Kisha akaungana na wapikaji wengine wakubwa wa sabuni ili wasishindane tena. Magazeti yakapiga kelele, na wamama wa Uingereza wakaacha kununua Sunlight. Mauzo yakaanguka, na kabla ya mwaka kwisha muungano ule ukavunjika. Lever aliyapeleka magazeti mahakamani, na mwaka 1907 akalipwa paundi 50.000, lakini somo alikuwa amelishika. Wale wamama walimshinda juu duka lilikuwa na sabuni nyingine ya mtu mwingine. Basi katika miaka iliyofuata akanunua wale wengine, mmoja kisha mwingine: Pears, Crosfield, Gossage. Majina yalibaki kwenye karatasi kama zamani. Mama aliyekasirikia Sunlight na kuchukua Pears alikuwa anamlipa mtu yuleyule.

Ilibaki shida ya mafuta yenyewe. Wapika sabuni na watengeneza margarini walikuwa wanagombania mafuta yaleyale. Margarini ilivumbuliwa Ufaransa mwaka 1869, wakati wa Napoleon wa Tatu, kwa mafuta ya ng'ombe. Kisha wataalamu wakajua namna ya kugandisha mafuta ya mimea, na ngazi ya Afrika ikawa mali. Lever aliomba ardhi katika makoloni ya Waingereza ya Afrika ya Magharibi. Wakamkatalia. Wabelgiji, waliopokea Kongo kutoka kwa mfalme Léopold mwaka 1908, wakakubali.

Mkataba ulitiwa sahihi mwezi wa Aprili 1911, na kampuni ya Huileries du Congo Belge ikazaliwa. Leta ilichora duara tano kwenye ramani, kila moja yenye kilometa 60 kutoka katikati mpaka ukingoni, na ndani yake kampuni iliweza kuchagua mpaka hekta 750.000. Lusanga ikaitwa Leverville. Kwa upande wake kampuni iliahidi mashule, hospitali, na mshahara usiopungua santimu 25 kwa siku.

Mwenye kuchora duara hakuuliza mingazi ile ni ya nani. Watu wa Kwilu na wa kando ya mto Kongo walikuwa wanavuna ngazi, wanakamua, wanakula, na inayobaki wanauza. Sasa ndani ya duara mnunuzi alikuwa mmoja, na bei ilikuwa yake. Asiyetaka kupanda mti alikuwa na kodi ya kichwa ya kulipa kwa franga, na machifu walilazimishwa kutoa watu. Mwanahistoria Mbelgiji Jules Marchal alichimba barua na ripoti za wakati ule, akaonyesha wazi namna kazi ya shuruti ilivyolisha viwanda vile. Ajabu ni kwamba mwaka 1918 Lever alitoa kitabu cha kutaka wafanyakazi wa Uingereza wafanye kazi masaa sita tu kwa siku. Hekima ile haikufika juu ya mti wa ngazi Leverville.

Wakati wa vita ya 1914, serkali ya Uingereza ilimwomba atengeneze margarini, na hivyo akaingia kabisa katika chakula. Alinunua kisiwa cha Lewis huko Scotland, akakusanya maduka ya samaki katika miji ya Uingereza ili wavuvi wa kisiwa wauze kwake na watu wa mjini wanunue kwake. Mwaka 1920 alinunua Niger Company kwa bei iliyokaribia kumwangusha. Alipewa cheo cha Lord Leverhulme, akiongeza kwa jina lake lile la mke wake Elizabeth Hulme, aliyekufa mwaka 1913. Alirudi kutembelea Kongo mwishoni mwa 1924. Alifariki London tarehe 7 Mei 1925.

Kazi iliendelea bila yeye. Mwaka 1929 kampuni yake ilikubaliana na watengeneza margarini wa Uholanzi, na 1930 Unilever ikaanza. Mwaka 1931, bei ya ngazi ilipoanguka na kodi ikabaki palepale, Wapende wa Kwilu walisimama. Jeshi la koloni likaua zaidi ya 500. Kwa miaka mingi Blue Band na Omo zilikaa chini ya dari moja, mpaka sehemu ya margarini ilipouzwa mwaka 2018. Leo Kongo, iliyokuwa inauzia dunia mawese, inaagiza mafuta kutoka inje.

Turudi Oicha. Mama anayekataa kopo moja na kuchukua lingine hajui kama amebadilisha mwenye mali ao amebadilisha karatasi tu. Lakini ile chupa ya mawese isiyo na jina ni kitu kingine. Ngazi yake imetoka shamba la mtu wa hapa, imepikwa na kukamuliwa hapa, na mwenye kuiuza anaweza kukataa bei asiyoitaka, juu hata yeye anaweza kuila. Kakao haiko sawa vile. Inaleta pesa, ni kweli, na imejaza mashamba yetu, lakini bei yake inatoka London na New York, na siku inapoanguka hakuna mtu anayeipika kwa sombe.

Maisha ya Lever yanaonyesha kwamba wamama wa Uingereza walimshinda siku walipokuwa na mlango wa pili, na wakata ngazi wa Leverville walishindwa juu walifungiwa wote. Kwetu mlango wa pili ni shamba. Tangu 2014 watu wa teritware ya Beni wanauawa wakienda shamba, na wengi wameacha mingazi yao porini. Hakuna kampuni iliyochora duara kuzunguka Oicha, lakini mtu asiyeweza kufika kwenye shamba lake atanunua kile gari imeleta, kwa bei iliyokuja nayo. Mwenye kutaka watu wa hapa wachague chakula chao, aanzie kwenye usalama wa njia ya shamba.