Kivui wa Mwenda: Mfanyabiashara wa Kitui aliyefungua njia hadi Mombasa

KIJANA anayeanza kibiashara kidogo Kitui au Makueni leo, awe anauza asali ya Mwingi, ndengu za Mutomo ama maembe ya Wote, huenda asijue kwamba anafuata nyayo za mtu aliyefariki zaidi ya miaka 170 iliyopita. Mtu huyo ni Kivui wa Mwenda, ambaye jina lake pia huandikwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri kuliko wote waliotokea Ukambani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19.

Wanafunzi wengi humfahamu kwa jambo moja tu: kwamba alimpokea mmisionari Johann Ludwig Krapf nyumbani kwake mwaka wa 1849, safari iliyomwezesha Mzungu huyo kuuona Mlima Kenya. Hata hivyo, ukweli ni kwamba Krapf alimwendea Kivui kwa sababu tayari alikuwa mtu mkubwa. Na ukubwa huo haukuwa wa kurithi.

Wakamba wa zama hizo hawakuwa na mfalme wala chifu. Mambo yaliamuliwa na wazee, na mtu alisikizwa kulingana na hekima yake, mali yake na idadi ya watu waliokuwa tayari kumfuata. Krapf alipomwita Kivui chifu, alitumia neno la kwao. Kwa hakika, Kivui alikuwa tajiri wa misafara, na mamlaka yake yalitokana na biashara.

Ili kuelewa biashara hiyo ilivyoanza, sharti tuanzie katika milima ya Mbooni, ambayo sasa imo katika Kaunti ya Makueni. Huko ndiko Wakamba walikostawi kwanza, wakilima kwenye miteremko yenye rutuba na maji. Watu walipozidi na ardhi ikawa haba, baadhi yao walivuka mto Athi na kuelekea mashariki, hadi Kitui. Walikuta nchi pana lakini kavu, yenye mvua isiyotabirika. Jembe peke yake halingewalisha.

Hapo ndipo haja ilipozaa maarifa. Mavuno yalipokosekana, jamaa moja ilichukua mbuzi ama vifaa vya chuma na kwenda kutafuta nafaka kwa majirani waliojaliwa mvua. Wakamba waliita utaratibu huo kuthuua. Mwanzoni haukuwa na lengo la faida. Ulikuwa njia ya kuokoa watoto na njaa. Lakini kadiri watu walivyozidi kusafiri ndivyo walivyojifunza njia, lugha za wageni, na kipi kilikuwa adimu wapi.

Mtaji wa kwanza wa watu wa Kitui basi ulikuwa ujuzi. Walikuwa wafua vyuma hodari, wafuga nyuki, na wawindaji stadi wa mishale yenye sumu. Waliuza mishale, sumu, nta, asali, ugoro na dawa kwa Wakikuyu, Waembu, Wambeere na Watharaka. Mtu aliyeanza na mzinga mmoja wa asali aliweza kurudi na mbuzi, na mbuzi akazaa ng'ombe kwa njia ya kubadilishana. Haba na haba hujaza kibaba.

Bidhaa iliyobadilisha kila kitu ilikuwa pembe za ndovu. Katika miaka ya 1830, mahitaji ya pembe yalipanda ghafla ulimwenguni. India ilizihitaji kwa bangili za maharusi, huku viwanda vya Uingereza na Marekani vikizitumia kutengenezea vitana, mipini ya visu na vibonyezo vya piano. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka wa 1833, na kitambaa cha merikani kikafurika Zanzibar na Mombasa. Seyyid Said aliitwaa Mombasa kutoka kwa Wamazrui mwaka wa 1837.

Wakamba walikuwa tayari wameshaonja biashara ya pwani. Njaa kali ya mwaka wa 1836 iliwasukuma wengi wao kuhamia karibu na Rabai na Duruma, na makao hayo yakawa vituo vya ndugu zao waliotoka bara. Awali Wamijikenda ndio waliokuwa madalali kati ya bara na bandari. Taratibu, Wakamba wakaanza kushuka wenyewe.

Katika mazingira hayo ndipo Kivui alipong'aa. Ubingwa wake haukuwa katika kuwinda, kwani wawindaji walikuwa tele. Ulikuwa katika kuwaunganisha watu. Mtu mmoja mwenye pembe moja hangeweza kupita nyika ya Tsavo peke yake: kiu, simba na wanyang'anyi wangemmaliza. Lakini wengi wakiandamana, wakiwa na pinde na kiongozi anayejua visima, safari iliwezekana. Krapf aliandika kwamba misafara ya Wakamba ilikuwa na watu kati ya 200 na 300.

Kiongozi wa msafara wa namna hiyo alihitaji kuaminiwa pande zote mbili. Huku nyumbani, wenye pembe walimkabidhi mali yao wakitarajia kuona nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba baada ya wiki kadhaa. Kule pwani, wanunuzi walitaka kuhakikisha kwamba angerejea. Na kati yao kulikuwa na makabila mengi ambayo yalihitaji zawadi na heshima. Kivui alijenga imani hiyo kwa miaka mingi, na sifa zake zilifika Mombasa kabla ya Wazungu kumsikia. Watu pia walimhofu kwa uganga wake, na hofu hiyo ilikuwa ngao njiani.

Si haki kumchora kama malaika. Kumbukumbu za Krapf zinaonyesha kwamba Kivui alimiliki watumwa, na pembe alizouza zilitokana na mauaji ya ndovu wasiohesabika. Utajiri wake ulikuwa na gharama ambayo wengine waliilipa.

Krapf aliondoka Rabai Novemba 1849, akapitia Kikumbulyu, katika Makueni ya leo, na kufika kwa Kivui mwishoni mwa mwezi huo. Mwenyeji wake alimweleza kuhusu mlima mweupe alioujua kutokana na safari zake za kibiashara. Mnamo Desemba 3, 1849, mawingu yakafunguka na Krapf akauona. Jina alilolisikia Ukambani ndilo alilolipeleka Ulaya, na ndilo linaloitambulisha nchi yetu hadi leo. Wataalamu wa London walimkejeli wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mfanyabiashara wa Kitui alijua zaidi yao.

Krapf alirejea mwaka wa 1851, akitaka kufika mto Tana. Mnamo Agosti, wawili hao walielekea huko wakiwa na msafara. Karibu na mto huo wakashambuliwa. Wafuasi wengi walitawanyika; Kivui akauawa. Krapf alinusurika kwa kujificha porini, akibeba maji ndani ya mitutu ya bunduki yake. Aliporudi Kitui, jamaa za marehemu walimlaumu kwa kifo hicho, naye akatoroka usiku.

Hapa ndipo palipo funzo ambalo anayeanza biashara asilipuuze. Kivui alijenga mtandao mkubwa, lakini nguzo yake ilikuwa yeye mwenyewe. Urafiki wa pwani, siri za visima na madeni ya huku na huko vilikuwa kichwani mwake. Alipoanguka, hakutokea mwingine wa kiwango chake. Wakamba waliendelea kusafirisha pembe kwa miaka kadhaa, ila kufikia miaka ya 1870 misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipenya bara yenyewe, na nafasi ya Wakamba ikadidimia. Ndovu nao walikuwa wamepungua. Reli iliyopita Kibwezi na Makindu kabla ya mwaka wa 1901 ilimalizia kazi.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye duka dogo Kitui au kibanda cha maembe kando ya barabara kuu pale Emali ana mambo ambayo Kivui hakuwa nayo: kalamu, simu, chama cha ushirika na sheria ya kumlinda. Ana pia yale yale ambayo Kivui alianza nayo, yaani kujua kinachokosekana kwa jirani, kushirikiana na wenzake na kulinda jina lake. Akiongeza moja tu, la kumfundisha mtu mwingine njia ya kufika kisimani, biashara yake huenda ikaishi baada yake.