Lumumba: Baraza la mawaziri lililopenya kwa kura tano

Wengi nchini wanalijua jina la Patrice Lumumba kupitia mtaa wa Dar es Salaam zilipo ofisi ndogo za CCM, au kupitia kifo chake. Kinachosahaulika ni kibarua kilichomtoa jasho kabla hajaapishwa: kusaka kura za kutosha bungeni ili majina ya mawaziri wake yapite.

Yalipita, tena kwa kubanana. Miezi miwili na nusu baadaye Rais akamtimua redioni bila kuwauliza wabunge waliompitisha.

Lumumba alizaliwa Julai 2, 1925, kijijini Onalua, Sankuru, katika jimbo la Kasai. Alisoma shule za misheni, za Waprotestanti na za Wakatoliki, kisha akaajiriwa posta huko Stanleyville, Kisangani ya leo. Mwaka 1956 alikamatwa na kufungwa kwa kosa la kuchukua fedha za posta. Alipotoka alihamia Léopoldville, sasa Kinshasa, akawa anauza bia ya Polar. Kazi hiyo ilimfaa kuliko ilivyoonekana. Muuza bia anaingia kila baa na kila mtaa, na jamaa alikuwa na kipaji cha kuongea. Kiswahili alikijua, Kilingala pia, Kitetela ndiyo lugha ya kwao, na Kifaransa alikimudu vizuri.

Oktoba 1958 yeye na wenzake walianzisha chama cha MNC. Tofauti na vyama vingi vya Kongo wakati ule, hiki hakikuwa cha kabila moja. Mwaka uliofuata kikapasuka: Albert Kalonji, Joseph Ileo na Cyrille Adoula wakaenda zao. Jina la Ileo likumbuke, litarudi.

Januari 1960 Lumumba alikuwa gerezani tena, safari hii kwa sababu ya machafuko ya Stanleyville. Viongozi wa Kongo waliokuwa Brussels kwenye mazungumzo na Wabelgiji walitaka naye awepo. Akatolewa jela, akapandishwa ndege. Tarehe ya uhuru ikapangwa: Juni 30, 1960.

Uchaguzi ulifanyika Mei. Chama cha Lumumba kiliongoza kwa kupata viti 33, lakini Bunge lilikuwa na wabunge 137. Fanya hesabu mwenyewe. Ili serikali ipite alihitaji kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote, yaani 69, kisha apate zaidi ya nusu ya Seneti iliyokuwa na watu 84. Sheria ya Kongo haikuruhusu mtu kuteua mawaziri na kuanza kazi kesho yake. Baraza zima lilipaswa kupata kura ya imani ya mabunge yote mawili.

Mwaka huohuo huku Tanganyika mambo yalikuwa mteremko. Uchaguzi wa Agosti 1960 uliipa TANU viti 70 kati ya 71, na Septemba Nyerere akawa waziri kiongozi bila kubembeleza chama chochote. Lumumba hakuwa na bahati hiyo.

Wabelgiji nao hawakumtaka. Waziri wao aliyekuwa Léopoldville, Ganshof van der Meersch, alimpa Juni 13 kazi ya kupima upepo tu, yaani kuzunguka kwa vyama aone nani atakubali kuungana na nani. Siku nne baadaye akamnyang'anya na kumkabidhi Joseph Kasa-Vubu wa chama cha Abako kazi yenyewe ya kuunda serikali. Kasa-Vubu akashindwa.

Juni 21 wabunge walichagua spika. Mtu wa Lumumba, Joseph Kasongo, alipata kura 74 na Jean Bolikango akapata 58. Hapo ndipo kila mtu alipojua nani ana watu. Ganshof akasalimu amri, Lumumba akaitwa kuunda serikali.

Alikuwa na siku chache mno. Kila chama kilichomuunga mkono kilitaka kiti, na ndani ya kila chama kulikuwa na wakubwa watatu wanaokitaka kiti kimoja. Antoine Gizenga wa PSA akawa naibu waziri mkuu, na Pierre Mulele wa chama hichohicho akapewa Elimu. Justin Bomboko akachukua Mambo ya Nje, Anicet Kashamura Habari, Pascal Nkayi wa Abako Fedha. Ulinzi Lumumba alibaki nao mwenyewe. Kalonji hakuingia. Bolikango, aliyeukosa uspika, hakuwemo.

Mwisho wa yote orodha ilifika watu 37, kuanzia mawaziri kamili hadi wasaidizi wao. Kwa nchi isiyo na hata jenerali mmoja mweusi jeshini, ilikuwa serikali nene. Lakini kila jina lilikuwa bei ya kura fulani.

Ugomvi mkubwa ulitoka Katanga, na huu uliwagusa majirani wa Rukwa. Kutoka Kaoze, ukivuka uwanda wa Ufipa kwenda magharibi na kuteremka hadi Kirando au Kipili, unafika Ziwa Tanganyika. Ng'ambo yake ni Moba, na kaskazini zaidi ni Kalemie. Hiyo ndiyo Katanga ya kaskazini, ngome ya chama cha Balubakat cha Jason Sendwe. Kusini, kwenye shaba, ilikuwa himaya ya Conakat ya Moïse Tshombe.

Vyama hivyo viwili vilikuwa paka na panya. Balubakat walisusia bunge la jimbo ili akidi isitimie na Tshombe asiunde serikali ya Katanga. Katikati ya Juni, Brussels ikabadilisha sheria ya akidi, Tshombe akapita. Yaani refa alisogeza goli mechi ikiendelea.

Kwenye serikali kuu sasa Lumumba aliwapa Balubakat Wizara ya Sheria, akamweka pale Rémy Mwamba. Sendwe akamteua awe mwakilishi wa serikali kuu huko Katanga. Conakat waliambulia Uchumi, kupitia Joseph Yav, na nafasi nyingine ndogo. Walikasirika. Kwao, kumpeleka Sendwe Katanga ilikuwa kama kumleta mpinzani wako alale chumbani kwako. Lumumba alikuwa na sababu, maana alitaka jicho lake pale. Lakini hapa alikosea hesabu: chama chenye migodi nyuma yake alikilipa kidogo kuliko kilivyoweza kumdhuru.

Usiku wa Juni 23 alisimama mbele ya wabunge na kuwasomea majina. Malalamiko yakamiminika. Kura zilipohesabiwa, ndiyo zilikuwa 74, hapana 5, na mmoja hakuegemea upande wowote. Wabunge 57 hawakuwepo ukumbini. Kati ya 69 zilizotakiwa na 74 zilizopatikana, tofauti ni tano tu. Wabunge sita wangebaki nyumbani usiku ule, serikali ya kwanza ya Kongo huru isingekuwepo.

Seneti ilifuata Juni 24, ikampa kura 60 dhidi ya 12, na nane hazikuegemea popote. Siku hiyohiyo mabunge mawili yalikaa pamoja kumchagua rais. Watu wa Lumumba walimpigia Kasa-Vubu, aliyemshinda Bolikango kwa kura 159 dhidi ya 43. Hesabu ya Lumumba ilieleweka: Abako ndio wenye Léopoldville, bila wao mji mkuu usingetawalika. Hivyo rais atakayemfukuza alimpata kwa kura za watu wake mwenyewe.

Uhuru ukaja. Julai 5 askari wakaasi dhidi ya maofisa wao wa Kibelgiji. Julai 11 Tshombe akatangaza Katanga imejitenga. Agosti, Kalonji aliyeachwa nje ya baraza akatangaza Kasai Kusini nayo imejitenga. Chuki za Juni zilikuwa zimepata bendera zao. Umoja wa Mataifa ulileta majeshi lakini haukutaka kuyatumia kumng'oa Tshombe, Lumumba akageukia Moscow kuomba msaada, na Marekani ikaanza kumtafutia njia ya kumtoa.

Septemba 5 jioni, Kasa-Vubu aliingia redioni akatangaza kumfukuza Lumumba na mawaziri sita, Gizenga na Mwamba wakiwemo. Waziri mkuu mpya, alisema, ni Joseph Ileo. Agizo lile lilihitaji saini ya waziri. Walisaini Bomboko na Albert Delvaux, wote wawili kutoka kwenye orodha ileile iliyopenya Juni. Usiku huohuo Lumumba naye alikwenda redioni na kutangaza kwamba rais amefutwa.

Wabunge ndio waliobaki na akili zao. Septemba 7 Bunge lilizifuta amri zote mbili kwa kura 60 dhidi ya 19, kwamba hakuna aliyefukuzwa, wakae wapatane. Kesho yake Seneti ikasimama na Lumumba kwa kura 41 dhidi ya mbili. Ndani ya ukumbi, jamaa alikuwa bado anashinda.

Ileo alipanga baraza lake lakini hakulipeleka bungeni. Angepigwa chini mchana kweupe. Kura zilikuwa hazipo, na waliomtaka Lumumba aondoke walijua hilo vizuri. Septemba 14 Kanali Joseph Mobutu, aliyeingia serikalini kwenye orodha ya Lumumba mwenyewe, alitangaza kuwasimamisha wanasiasa wote. Bunge likafungwa.

Lumumba alizuiliwa nyumbani kwake, askari wa Umoja wa Mataifa wakimlinda na wa Mobutu wakiwazunguka. Novemba 27 alitoroka kuelekea Stanleyville kwa wafuasi wake. Alikamatwa baada ya siku chache kwenye Mto Sankuru.

Januari 17, 1961 walimpeleka kwa ndege Elisabethville, mikononi mwa Tshombe. Alikuwa na Maurice Mpolo, mmoja wa wale 37, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Usiku ule wote watatu walipigwa risasi, maofisa wa Kibelgiji wakiwepo. Lumumba alikuwa na miaka 35. Mwili wake uliyeyushwa kwa tindikali. Jino lililobaki Ubelgiji ililirudisha Juni 2022, nalo likazikwa Kinshasa Juni 30, siku ya uhuru. Hadi anakufa, hakuna bunge lililowahi kupiga kura ya kumwondolea imani.

Julai 1961 wabunge waliitwa tena, wakafungiwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa mpaka serikali ipatikane. Agosti 2 walimthibitisha Cyrille Adoula kuwa waziri mkuu. Gizenga akarudi kwenye unaibu wake, Ileo akapewa Habari, na Bomboko akabaki palepale Mambo ya Nje.