Simba wa Vita: Naliendele inamkumbuka vipi Kawawa?

Kila nikifika Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, hunijia fikra za marehemu mzee Rashidi Mfaume Kawawa. Hakuzaliwa hapa wala hakuzikwa hapa. Lakini Naliendele kuna mambo mawili yanayomhusu sana: makaburi ya mashujaa, walikolala askari wetu waliofia Msumbiji, na kituo cha utafiti wa korosho.

Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika wilaya ya Songea ya wakati ule. Alisoma Liwale, Dar es Salaam na Tabora, kisha akaajiriwa serikalini. Vijana wa leo hawajui kuwa aliwahi hata kuigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu. Wakati ule mtumishi wa serikali alikatazwa kuwa mwanachama wa TANU. Mwaka 1956 Kawawa aliacha kazi na mshahara wake, akaingia moja kwa moja katika harakati za wafanyakazi akiwa Katibu Mkuu wa TFL. Tujiulize, wangapi kati yetu leo wangethubutu?

Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaijenge TANU. Nchi akakabidhiwa Kawawa. Ni katika miezi hiyo, tarehe 25 Juni, ndipo FRELIMO ilipoasisiwa Dar es Salaam. Vita vilipoanza mwaka 1964, wakimbizi walivuka Ruvuma wakapokewa na watu wa Kusini. Kwa hiyo, nikisimama kwenye makaburi yale naiona safari ndefu ambayo mwanzo wake Kawawa alikuwamo.

Desemba 1962 nchi ikawa Jamhuri. Nyerere akawa Rais, Kawawa akawa Makamu wake. Alikuwa ameionja nafasi ya juu kabisa, akaiachia bila chokochoko. Afrika ya miaka ile haikuwa na wengi wa namna hiyo. Akawa tena Waziri Mkuu kuanzia 1972 hadi 1977, kisha Waziri wa Ulinzi wakati wa vita vya Kagera. Jina la Simba wa Vita halikuwa la mapambo.

Lakini kumkumbuka mtu si kumsifu tu. Sheria iliyobana migomo na sheria ya kuweka watu kizuizini zilipitishwa mwaka 1962, serikali ikiwa mikononi mwa kiongozi huyu aliyetoka kwa wafanyakazi. Vilevile, alikuwa Waziri Mkuu wakati wa Operesheni Vijiji, na hapa ndipo kituo cha korosho kinapoingia. Wazee wa Mtwara na Lindi walihamishwa, mikorosho yao ikabaki nyuma inamezwa na pori. Mwaka 1973/74 nchi ilipata takriban tani 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 hazikufika 20,000. Bei duni na ugonjwa wa ubwiri unga navyo vilichangia, wala haitakuwa haki kumtwisha mtu mmoja mzigo wote. Watafiti wa Naliendele wamefanya kazi kubwa kuurudisha mkorosho kwenye hadhi yake.

Nimewahi kumsikia mzee mmoja wa huku akimlaumu Kawawa kwa shamba lake lililopotea, na hapo hapo akamwombea rehema kwa kuwa hakuona mtumishi wa umma aliyejituma kama yeye. Sikuona mgongano wowote. Mzee yule alikuwa anatenda uadilifu ambao sisi waandishi mara nyingi unatushinda.

Kawawa alifariki Muhimbili tarehe 31 Desemba, 2009, akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa Madale, Dar es Salaam. Zaidi ya nusu karne aliitumikia nchi hii. Tuwafundishe watoto wetu maisha yake yote, mazuri na yale yaliyowaumiza watu, maana anayefundishwa nusu ya historia hurudia makosa ya nusu iliyofichwa.

Allah amrehemu, na awarehemu waliolala Naliendele. Amin.