Hugh Bennett, Mlinzi wa Udongo

Hugh Hammond Bennett alizaliwa mwaka 1881 karibu na mji wa Wadesboro, katika jimbo la North Carolina, Marekani. Baba yake alikuwa mkulima wa pamba. Tangu utotoni Hugh alimsaidia kutengeneza matuta ya kukinga maji shambani, ndipo akajua kwamba mvua huweza kuchukua udongo.

Alipomaliza chuo kikuu mwaka 1903, aliajiriwa na serikali kuchunguza udongo. Mwaka 1905 alifika wilaya ya Louisa, Virginia. Huko aliona vipande viwili vya ardhi vilivyopakana, vyenye mteremko mmoja. Kimoja kilikuwa msitu, na udongo wake ulikuwa laini, ukichimbika kwa mikono mitupu. Kingine kilikuwa kimelimwa miaka mingi, nacho kilikuwa kigumu kama jiwe. Bennett akatambua kwamba mvua ilikuwa ikiondoa udongo wa juu kidogo kidogo, hata mwenye shamba asione.

Kwa miaka mingi alieleza jambo hilo, na wachache wakamsikia. Mwaka 1928 alitoa kijitabu cha kuionya nchi nzima. Kisha, katika miaka ya 1930, ukame ulikuja, na upepo ukapeperusha udongo wa nyanda za kati. Husimuliwa kwamba mwaka 1935, Bennett alipokuwa akitoa maelezo mbele ya kamati ya Seneti mjini Washington, vumbi kutoka mashamba ya mbali lilitanda angani, kukawa giza mchana. Mwezi wa Aprili mwaka huo sheria ya kuhifadhi udongo ikatiwa sahihi, na Bennett akawa mkuu wa idara yake.

Wataalamu wake walitembea shambani pamoja na wakulima na kupatana nao kazi ya kufanya: kulima kwa kukingama mteremko, kupanda nafaka na nyasi kwa mistari ya kupishana, na kuacha miti penye mteremko mkali. Mwaka 1937 wakulima wa Brown Creek, nyumbani kwake, waliunda wilaya ya kwanza ya kuhifadhi udongo nchini humo. Bennett alifariki mwaka 1960.

Ndugu Wakristo, maji mekundu tunayoyaona mtoni baada ya mvua ni udongo wa mashamba yetu. Ardhi ni amana ya Mungu, na watoto wetu wataihitaji. Basi kabla ya mvua kuanza, tutengeneze matuta na kupanda mabingobingo kwenye kingo zake.