John Lockhart Gibson, munganga wa macho aliyepata sumu ya watoto kwenye baraza za nyumba

Mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Brisbane, jimbo la Queensland nchini Australia, wazazi walikuwa wakileta hospitalini watoto wenye ugonjwa usioeleweka. Watoto hao walilia kwa maumivu makali ya tumbo, walikuwa wamepauka, na mikono au miguu ya baadhi yao ilikuwa imelegea. Wengine walipata makengeza, na wengine wakapoteza kabisa uwezo wa kuona. Mtu aliyeonyesha sumu hiyo ilitoka wapi ni munganga wa macho, John Lockhart Gibson.

Gibson alizaliwa mwaka wa 1860. Alisomea uganga huko Edinburgh, Scotland, kisha akafanya kazi Brisbane, ambako alitibu macho ya watoto. Mwaka wa 1892, yeye pamoja na wanganga wengine wa mji huo, akiwemo Alfred Jefferis Turner wa hospitali ya watoto, walitangaza kwamba watoto hao walikuwa na sumu ya risasi. Si risasi ya bunduki, bali madini yale mazito ya kijivu ambayo kwa Kifaransa huitwa plomb.

Wengi hawakuamini. Ugonjwa huo ulijulikana kama wa watu wazima waliofanya kazi viwandani au waliopaka rangi. Mtoto wa miaka mitatu angeipata wapi risasi? Hata wanganga wa Brisbane wenyewe hawakuwa na jibu. Lakini Turner alitambua kwamba ugonjwa ulikuwa umefungamana na nyumba: kulikuwa na kitu nyumbani kilichowatia watoto sumu.

Gibson akaanza kuzitazama nyumba hizo. Nyingi zilikuwa za mbao, zenye baraza pana na vizuizi vya mbao pembeni. Kwa sababu ya joto, watoto walishinda kwenye baraza kutwa nzima. Mbao zilipakwa rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa risasi, na jua kali la Queensland liliikausha rangi hiyo mpaka ikawa unga. Mtoto alishika kizuizi, unga ukabaki vidoleni, kisha akanyonya kidole gumba au akatafuna kucha. Siku moja haikuonyesha kitu. Lakini kidogo kidogo, kila siku, sumu ilijaa mwilini.

Mwaka wa 1904 Gibson aliandika wazi katika gazeti la wanganga wa Australia kwamba chanzo ni rangi ya vizuizi na ya kuta za vyumba. Hakuishia hapo. Aliomba rangi ya risasi isipakwe tena mahali ambapo mkono wa mtoto unafika.

Ombi hilo lilichukua miaka 18. Rangi ya risasi ilipendwa kwa kuwa ilidumu, na wanganga wa majimbo mengine walikuwa na mashaka. Wakati huo watoto wa Brisbane waliendelea kuugua. Ni mwaka wa 1922 tu ndipo Queensland ilipotunga sheria ya kukataza rangi hiyo sehemu za nje za nyumba ambazo watoto wangeweza kuzifikia, yaani chini ya futi 4 kutoka ardhini, karibu mita 1,2. Marekani ilingoja mpaka mwaka wa 1978 kukataza rangi ya risasi majumbani.

Sheria haikuweza kuitoa sumu iliyokwisha kuingia. Mwaka wa 1929, munganga mwingine wa Queensland, Jarvis Nye, alieleza kwamba vijana wengi wa jimbo hilo waliokufa kwa ugonjwa wa figo waliathiriwa na risasi wakiwa watoto. Gibson alikuwa bado hai. Alifariki mwaka wa 1944.

Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Hata kiasi kidogo kinaweza kudhuru ubongo wake unaokua, na madhara hayo hayaponi.

Kwa hiyo alichokiona Gibson bado kinamhusu kila mzazi anayeishi katika nyumba ya zamani. Rangi ya kale inayobanduka ichukuliwe kuwa ya hatari mpaka ipimwe. Isikwanguliwe wala kupigwa msasa ikiwa kavu, na isichomwe moto, kwa sababu vumbi na moshi wake huingia mwilini. Sakafu na madirisha yapanguswe kwa kitambaa chenye maji, si kufagiliwa makavu. Kitanda cha mtoto kiwekwe mbali na ukuta unaobanduka. Na kabla ya kula na kabla ya kulala, mtoto anawe mikono kwa sabuni, kwani mikononi ndiko Gibson aliikuta njia ya sumu.