Abdulwahid Sykes: Askari wa Burma aliyehamia sokoni Kariakoo
Na Mwandishi Wetu

VITA Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, maelfu ya vijana wa Tanganyika waliopigana Burma chini ya bendera ya Uingereza walianza kurejea nyumbani. Walikuwa wameona dunia na kuzoea kushika silaha, lakini huku nyumbani hapakuwa na kazi iliyohitaji ujuzi huo, wala sauti yao haikuwa na uzito mbele ya serikali ya kikoloni.

Miongoni mwao alikuwa Abdulwahid Sykes, mzaliwa wa Gerezani, Dar es Salaam, mwaka 1924.

Askari alikuwa mjukuu wa askari. Babu yake, Sykes Mbuwane, aliletwa nchini kutoka Msumbiji mwishoni mwa karne ya 19 kulitumikia jeshi la Wajerumani. Baba yake, Kleist Sykes, alipigana upande wa Wajerumani katika Vita ya Kwanza. Vita ilipokwisha aliingia kazini katika reli, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa African Association. Hivyo Abdulwahid alikuwa na mfano wa kuiga wa mtu aliyevua sare na kuanza maisha upya.

Mwaka 1942 alijiunga na KAR, jeshi ambalo wananchi waliliita Keya. Mdogo wake, Ally, naye alikwenda Burma. Kwa masimulizi ya familia, ni katika kambi moja nchini India, wakisubiri meli ya kuwarudisha, ndipo Abdulwahid na wenzake walipozungumza juu ya kukigeuza chama cha wazee wao kuwa chama cha siasa.

Aliporudi, alikuta bandari inafukuta. Mwaka 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma wakidai ujira bora, na mgomo ukaenea hadi bara kwa njia ya reli. Makuli walipounda chama chao, Abdulwahid akawa katibu wake. Kijana aliyezoea kutii amri sasa alitakiwa kuwashawishi watu ambao hangeweza kuwaamuru.

Alikwishaondoka katika wadhifa huo mgomo wa mwaka 1950 ulipozusha vurugu na chama kile kuvunjwa.

Kazi iliyomtambulisha zaidi mjini ni ya mkuu wa Soko la Kariakoo. Jina la mahali hapo lenyewe ni la kijeshi, kwani linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi hapo enzi za Vita ya Kwanza. Kambi ilikuwa imegeuka soko, na sasa askari akawa msimamizi wake. Mchana alishughulikia wachuuzi na mizani. Ofisi hiyo hiyo ikawa kituo cha wanasiasa waliotaka kuonana naye.

Mwaka 1950 alikuwa Katibu wa TAA chini ya Rais wake, Dk. Vedasto Kyaruzi. Daktari huyo alipohamishwa kikazi nje ya mji, mzigo wa kukiongoza chama ulimwangukia Abdulwahid.

Aprili 1953, katika Ukumbi wa Arnautoglu, aligombea urais wa TAA dhidi ya mwalimu wa Pugu aliyekuwa amerejea kutoka Uingereza, Julius Nyerere. Nyerere alishinda. Abdulwahid hakujitenga wala kuanzisha kundi lake. Julai 7, 1954 alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU, na Nyerere alipoacha ualimu mwaka 1955, aliishi kwa muda nyumbani kwake.

Jeshini, mtu hupanda cheo au hushushwa kwa amri. Abdulwahid alishuka ngazi kwa kura, akaendelea kukitumikia chama kana kwamba hakuna alichopoteza. Pengine hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi katika safari yake ya kutoka jeshini, na ndilo lililokifaa chama zaidi.

Alifariki dunia Oktoba 1968 akiwa na umri wa miaka 43, miaka saba baada ya Uhuru. Mwanawe, aliyepewa jina la babu yake, Kleist, alikuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Wengi wanaopita Kariakoo kila siku hawajui kwamba mmoja wa waasisi wa TANU alikuwa akisimamia soko hapo.